Kipaji ni cha mtu, au ni cha watu waliomzunguka?

Nakshi_na_Rangi:

Habari zenu wakuu.

Mimi ni mchoraji wa michoro ya vitambaa. Nabuni ua, jani au mstari unaojirudia kitambaa kizima bila jicho kugundua umeungwa wapi. Kwa miaka mingi niliifanya kazi hii katika chumba kimoja na wenzangu watatu: mmoja mchoraji kama mimi, mmoja mchanganyaji wa rangi, mmoja mchapaji wa skrini, yaani anayesukuma rangi kupitia wavu hadi kwenye kitambaa. Chumba kikafungwa, kila mtu akashika njia yake. Sasa nafanyia nyumbani. Meza ni kubwa kuliko ile ya zamani, mwanga ni mzuri, hakuna anayenikatiza, na wateja hawajapungua.

Lakini michoro imekufa. Sisemi ni mibaya. Mteja anaipokea na kulipa. Ila nikiitandaza yote sakafuni naona mpindo ule ule wa jani, nafasi ile ile kati ya ua na ua. Najua nitachora nini kabla sijagusa karatasi, na hilo zamani halikuwepo kabisa.

Zamani ilikuwa hivi. Mchanganyaji wa rangi anapita nyuma yangu, anatazama, anasema: "Rangi tano sikutolei. Chagua tatu." Nakasirika, naondoa mbili, na mchoro unapata nguvu ambayo mimi sikuipanga. Mchoraji mwenzangu alikuwa na tabia ya kuigeuza karatasi yangu juu chini bila kuomba ruhusa, kisha anauliza kwa nini upande mmoja ni mzito. Yule wa skrini hakujali uzuri hata kidogo. Alitaka kujua kitu kimoja tu, kama mistari yangu myembamba itaziba wakati wa kuchapa. Kwa ajili yake nikazoea kuchora kwa mabapa mapana yenye kingo safi, na watu wakaanza kusema huo ndio mtindo wangu.

Ulikuwa wangu kweli?

Dada yangu anasema kipaji hakihami, nimechoka tu, nipumzike. Nimepumzika, nimerudi, mkono ni ule ule. Nimesoma na vitabu vya kuamsha ubunifu. Vinasema tembea asubuhi, andika ndoto zako, badili mkao wa meza. Vyote vinamtuma mtu mmoja akatafute kitu ndani ya kichwa chake. Sijaona hata kimoja kinachouliza ni nani amekaa karibu naye.

Naomba mwenye ujuzi anijibu kwa uzito. Ubunifu ni mali ya mtu, au ni jambo linalotokea kati ya watu? Na kama ni la kati ya watu, aliyebaki peke yake afanyeje?

Mwalimu_Mstaafu:

Dada Nakshi, nimefundisha historia ya sanaa mpaka nikastaafu, na swali lako ndilo ambalo ningependa wanafunzi wangu waniulize. Wengi waliuliza tu fulani alizaliwa lini.

Mwaka 1950 mwanasaikolojia J. P. Guilford, akiwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, aliwahimiza wenzake waanze kuuchunguza ubunifu kwa dhati. Wakauchunguza, na kwa miaka mingi kazi kubwa ikawa kumpima mtu mmoja mmoja: mpe tofali, mwambie ataje matumizi yake mengi kadiri awezavyo, hesabu majibu. Kisha mwaka 1988 Mihaly Csikszentmihalyi akaligeuza swali. Badala ya kuuliza ubunifu ni nini, akauliza uko wapi. Akasema hauko ndani ya mtu peke yake. Kuna mtu, kuna hazina ya maarifa na desturi za kazi aliyoirithi, na kuna wapokezi: wale wenye uzoefu wanaoamua kipi kiingie katika hazina hiyo na kipi kiachwe. Kimoja kikikosekana, jipya halizaliwi, au linazaliwa na kufa siku hiyo hiyo.

Mfano alioupenda ni wa mji wa Florence, Italia, nami naupenda, kwa hiyo nivumilie nikikaa hapo kidogo. Mwaka 1401 chama cha wafanyabiashara wa nguo wa mji ule, Calimala, kilitangaza shindano la milango ya shaba ya jengo la ubatizo. Washindani wote walipewa sharti moja: tukio la Ibrahimu akitaka kumchinja mwanawe Isaka, ndani ya fremu ya umbo moja. Walioshindana mwisho ni wachongaji wawili, Ghiberti na Brunelleschi, na vipande vyao viwili vipo hadi leo katika jumba la Bargello, kimoja kando ya kingine. Ghiberti alishinda. Kipande chake kilikuwa chepesi zaidi na kilitumia shaba kidogo, na kwa wafanyabiashara waliokuwa wakilipia shaba hiyo, jambo hilo lilikuwa na uzito wake. Huyo ni mchanganyaji wako wa rangi, dada. Ndiye anayekwambia chagua tatu.

Na Brunelleschi? Mji ule ulikuwa umeanza kujenga kanisa kuu mwaka 1296, na mwaka 1367 wakapitisha umbo la kuba kubwa ambalo hakuna aliyejua litajengwa namna gani. Waliliacha wazi juu wakiamini atatokea wa kulifunika. Kazi ikaanza mwaka 1420 chini ya Brunelleschi, kuba likakamilika mwaka 1436. Tunasoma jina lake na kusema alikuwa na akili ya ajabu. Alikuwa nayo. Lakini nani aliishi zaidi ya miaka hamsini na swali hilo wazi juu ya vichwa vyao, na kuendelea kulilipia? Ni mji mzima. Bila swali lao, akili ile ingefanya nini?

Upande wa wapokezi ndio unaosahaulika kuliko yote. Mtawa Gregor Mendel alichapisha kanuni zake za urithi mwaka 1866, na karibu hakuna aliyezitilia maanani. Akafa mwaka 1884. Mwaka 1900 wataalamu wa mimea wa nchi tofauti wakafikia matokeo kama yake, ndipo wakarudi kuisoma kazi yake. Makala ni ile ile, haikuongezwa hata neno. Walioongezeka ni watu wenye uwezo wa kuipokea.

Na mchoraji Vincent van Gogh, ambaye kila mtu humtaja kama mfano wa mpweke aliyejitosheleza. Alikufa Julai 1890. Ndugu yake Theo, aliyemtunza na kumwandikia barua miaka yote, akafa Januari 1891. Aliyebaki na lundo la picha ni mjane wa Theo, Johanna, akiwa na mtoto mchanga. Yeye ndiye aliyezionyesha, akauza baadhi kwa uangalifu, akazipanga barua na kuzichapisha mwaka 1914. Ondoa Theo, ondoa Johanna, kisha uniambie tungekuwa tunamzungumzia nani.

Kwa hiyo mtindo ulikuwa wako, ndiyo, ila haukuwa wako peke yako. Dada yako ana haki ya kukupenda, lakini kuhusu kipaji kutohama simuungi mkono.

Tupu_na_Kimya:

Mwalimu, heshima yako ipo, lakini napinga, na napinga kwa sababu naona jibu lako linaweza kumpeleka dada huyu mahali pabaya. Atakimbilia kujiunga na kikundi chochote.

Naandika mashairi, na mchana naandika programu za kompyuta. Kazi zote mbili nimeona zikiuawa na watu waliokaa pamoja. Kuna ule utaratibu wa kuita watu chumbani, kila mmoja arushe mawazo yote yanayomjia, pasiwe na kukosoana. Alieneza mambo hayo Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara, miaka ya 1950. Mwaka 1958 watafiti wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, wakaupima. Waliweka watu wanne wanne pamoja, na wengine wakafanya kila mtu kivyake, kisha mawazo ya wanne waliokuwa mbalimbali yakakusanywa na kulinganishwa. Waliokuwa mbalimbali wakatoa mawazo mengi zaidi, na mazuri mengi zaidi. Mwaka 1987 Diehl na Stroebe wakaonyesha sababu kubwa: mmoja akisema, wengine wanasubiri, na katika kusubiri wazo linapotea au mtu analimeza mwenyewe.

Kuna na hili. Mtafiti Teresa Amabile aliwaomba waandishi waandike shairi fupi, halafu baadhi yao akawapa orodha ya sababu za nje za kuandika, kama pesa na sifa, wazipange kwa uzito. Wengine akawapa sababu za ndani, kama furaha ya kuandika yenyewe. Kisha wote wakaandika shairi la pili. Wale waliotoka kuwaza pesa na sifa, mashairi yao ya pili yalionekana dhaifu mbele ya washairi waliowekwa kuwa waamuzi. Dakika chache tu za kumkumbuka mtu anayekutazama zilitosha.

Kwa hiyo watu si dawa hivi hivi tu. Msituambie kidole kimoja hakivunji chawa. Mshairi wa Marekani Emily Dickinson aliandika karibu mashairi 1,800 chumbani kwake, na yaliyochapishwa akiwa hai ni machache sana. Utulivu ule ule ambao dada anaulalamikia, mwenziwe alijengea kazi ya maisha yote.

Dada, swali langu kwako: una hakika ni watu unaowakosa? Au unakosa kizuizi? Jiwekee sharti la rangi tatu wewe mwenyewe uone.

Besi_ya_Nyuma:

Naomba nisemee upande wa muziki, maana huku mambo yako wazi zaidi. Mtu akipiga, watu wako mbele yake palepale.

Tarehe 11 Agosti 1973, kule Bronx, New York, kijana mzaliwa wa Jamaika, Clive Campbell, wanayemwita Kool Herc, alipiga santuri kwenye sherehe aliyoiandaa dada yake Cindy katika ukumbi wa jengo walilokuwa wakiishi. Cindy alikuwa anatafuta pesa za nguo za shule. Siku hiyo inahesabiwa kuwa kuzaliwa kwa hip hop. Sasa, Herc alifanya nini? Aliwatazama wachezaji. Aliona kuna watu hawachezi wimbo mzima, wanasubiri kile kipande kifupi ambapo waimbaji wananyamaza na kubaki ngoma na besi. Kipande kikifika wanalipuka, kikipita wanarudi ukutani. Akawapa walichokuwa wanakisubiri. Akawa anatumia nakala mbili za santuri moja kwenye mashine mbili, hii ikimaliza kipande, ile inakianza upya, na hivyo sekunde chache zikawa dakika.

Niambieni, nani alibuni hapo? Mikono ni ya Herc. Lakini waliokuwa wa kwanza kusema kwamba wimbo wote uko katika kipande kile ni wachezaji, na hawakusema kwa mdomo. Walisema kwa kusimama ukutani.

Kwa hiyo namjibu Tupu na Kimya: utafiti wako wa Yale unapima watu waliokutana siku hiyo, wamekalishwa mezani, wameambiwa wabuni. Chumba cha dada hakikuwa hivyo. Hakuna aliyekuwa akirusha mawazo. Kila mtu alikuwa na kazi yake mkononi, na kazi ya mmoja ilikuwa inagonga kazi ya mwingine. Bendi nzuri iko hivyo hivyo. Mpiga ngoma hanipi wazo. Ananicheleweshea mdundo kidogo tu, nami nalazimika kwenda mahali ambapo nisingekwenda.

Kuna jambo lingine hapa mnalipita na mimi linaniuma. Mwanasosholojia Howard Becker, ambaye mwenyewe alikuwa akipiga piano ya jazi kwenye vilabu vya Chicago, alieleza mwaka 1982 kwamba kila kazi ya sanaa ni kazi ya kundi: aliyetengeneza chombo, aliyetega taa, aliyechapa karatasi, aliyezoea kusikiliza kwa namna fulani. Kisha jamii inachagua mmoja wao na kumpa jina la msanii, wengine wanaitwa wasaidizi. Katika bendi moja niliyopigia zamani, watu walikuwa wakiondoka ukumbini wakiimba mstari wa besi. Kwenye jalada nilikuwa miongoni mwa wanaoshukuriwa.

Dada Nakshi, samahani kwa swali hili. Yule wa skrini aliyekufanya uchore mabapa mapana, jina lake lilikuwa likiandikwa wapi?

Nakshi_na_Rangi:

Nimesoma yote, zaidi ya mara moja. Asanteni kwa kunichukulia kwa uzito.

Tupu na Kimya, sharti la rangi tatu nimelijaribu hata kabla sijaandika hapa. Tofauti ni hii: sharti nikijiwekea mwenyewe, nalichagua lile ninaloweza kulishinda. Naondoa rangi ambazo hata hivyo sikuzitaka. Yeye alikuwa akiniondolea ile niliyoipenda, tena bila kujua kama naipenda. Nadhani hapo ndipo penye siri, na siwezi kujitendea mwenyewe.

Besi, umenigusa. Michoro yetu haikuwa na jina la mtu yeyote, ilitoka kwa jina la chumba. Lakini chumba kilipofungwa, wateja walinifuata mimi, kwa sababu mchoro ndio unaoonekana. Hakuna mteja aliyemfuata mchapaji. Nililiona wakati ule, ila sikuwa nimeliunganisha na hii hali niliyonayo sasa.

Mwalimu_Mstaafu:

Narudi, maana Tupu na Kimya amesema mambo ya kweli na hayastahili kupitwa juu juu.

Kwanza Dickinson. Chumbani alikuwa peke yake, ndiyo. Lakini wifi yake Susan alikuwa akiishi nyumba ya jirani, na Emily alimtumia mashairi zaidi ya 200. Kuna shairi ambalo Susan hakuridhika na ubeti wake wa pili, na Emily akamwandikia mwingine, na mwingine tena. Upweke wake ulikuwa na mlango, na nyuma ya mlango kulikuwa na msomaji mmoja mkali.

Hapo naona nyote wawili mnakutana. Mwanasosholojia Michael Farrell alichunguza vikundi vya wasanii na wanafikra waliobadilisha kazi zao, na akaona kwamba kikundi kizima kinafaa kwa kupeana moyo na kwa kupinga wakubwa waliotangulia, lakini wazo jipya lenyewe, likiwa bado changa, mara nyingi hutokea kwa watu wawili wawili ndani ya kikundi. Mwaka 1869 wachoraji wa Ufaransa Monet na Renoir waliweka turubai zao jirani huko La Grenouillère, mahali pa kuogelea kwenye mto Seine, wakachora maji yale yale, kila mmoja akiona mwenziwe anavyoipiga brashi kwa vipande vifupi. Maonyesho ya kwanza ya kundi lao, lililokuja kuitwa Impressionists, yalifanyika miaka mitano baadaye, mwaka 1874. Wachoraji Picasso na Braque nao, karibu na 1911, walikuwa wakitazamana kazi kwa ukaribu kiasi kwamba baadhi ya picha zao za wakati ule hata mtaalamu hutazama mara mbili kabla ya kusema ni ya nani.

Kwa hiyo usitafute kikundi, dada. Vikundi vya kusifiana viko tele, na vitakumaliza haraka kuliko upweke. Tafuta mtu mmoja au wawili wenye kazi yao wenyewe inayogongana na yako, na uwaonyeshe mchoro kabla haujaisha. Ukiisha, watakachoweza kutoa ni maoni tu.

Tupu_na_Kimya:

Hilo la kabla haujaisha nalikubali. Mimi mwenyewe shairi namwonyesha mtu mmoja tu, na namwonyesha likiwa na beti zenye mashimo. Ninachokataa bado ni kuonyesha siku ya kwanza. Acha wazo likae na mwenyewe kwanza, hata siku chache, lipate mifupa. Ukionyesha mapema mno utamchorea yule utakayemwonyesha.

Nakshi_na_Rangi:

Jana nimempigia mchanganyaji wetu wa rangi. Yuko mbali siku hizi na anafanya kazi nyingine kabisa, lakini nilipomweleza alianza kunikosoa kwenye simu hiyo hiyo, mchoro hajauona. Tumekubaliana nimtumie picha mchoro ukiwa nusu, na yeye aondoe rangi anazotaka bila kunieleza sababu. Mchapaji naye nimempata. Amesema yuko tayari kutazama kingo na unene wa mistari, ila ameuliza waziwazi: safari hii jina lake litakuwepo? Nimemjibu litakuwepo, na fungu lake pia.

Mchoraji mwenzangu bado sijampata, naendelea kumtafuta.

Besi, hapo kwenye mafungu ndipo sijui pa kuanzia. Mchoro ni wangu, rangi ni za huyu, usafi wa kuchapa ni wa yule. Nyinyi wanamuziki mnagawanaje?

Besi_ya_Nyuma:

Tunagawana vizuri tukiandika kabla kazi haijauzwa. Chukua karatasi, kila mtu aandike alichofanya kwa maneno yake, si kwa cheo. Usiandike "msaidizi wa rangi", andika "alichagua rangi zote na kuondoa mbili". Mkishasoma kwa pamoja alichofanya kila mmoja, kupanga mafungu kunakuwa rahisi zaidi kuliko unavyofikiri. Wengi huanza na mafungu sawa kwa kazi chache za kwanza, kisha wanakaa tena na kurekebisha. Na karatasi hiyo kila mmoja abaki na nakala, kwa sababu mteja atakapopiga simu atakupigia wewe peke yako.